Daftari la michango ya sanda: nilivyoutafuta mwanzo wa chama cha askari wa zamani Tabora

Ukimuuliza mtu yeyote anayekifahamu chama cha askari wa zamani cha kwetu kilianza lini, atakujibu bila kusita: 1954. Ndivyo katiba inavyosema, ndivyo lilivyoandikwa bango la zamani lililotoboka kutu, na ndivyo wenyeviti walivyokuwa wakisema kila hotuba. Wazee waliponikabidhi kazi ya kuandika historia fupi ya kuambatanisha na fomu za usajili, walitaka nianzie hapo hapo, niorodheshe viongozi kwa zamu zao, nimalize na picha ya pamoja. Walinipa mimi kwa sababu nimefundisha shule miaka mingi na mwandiko wangu unasomeka. Tena nina haki ya pande mbili: babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, na baba yangu alikwenda vita vya Kagera.

Nimeifanya kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na ninaandika haya kwa ajili ya yeyote ambaye kesho ataombwa afanye kama hiyo kwao, iwe Songea, Musoma au Iringa. Wazee wanaondoka. Wa Burma wamekwisha kabisa kwetu, na wa Kagera nao sasa wanatembelea fimbo.

Mwaka 1954 si mwaka wa kupuuza. Ndio mwaka serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipotunga sheria ya kuandikisha vyama. Kila kikundi, kiwe cha ngoma, cha kuzikana au cha siasa, kilitakiwa kijiandikishe au kivunjike. Wazee wetu walitii. Walitafuta karani wa kuwapigia katiba kwa taipu, wakajaza majina ya mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wakapeleka bomani. Ila mtu haandikishi kitu ambacho hakipo. Katiba ile ina kifungu kinachozungumzia "michango kama ilivyozoeleka". Nilipokisoma mara ya kwanza nilikipigia mstari kwa penseli. Imezoeleka tangu lini? Na nani alikuwa akichangia, kwa ajili gani?

Wazee wa kiume hawakuwa na jibu. Si kwamba walisahau. Kila nilipouliza habari za chama, walinipa habari za vita. Walikuwa watoto au vijana wadogo wakati ule, na walichokipokea kwa baba zao ni masimulizi ya Uhabeshi, ya Madagaska na ya Burma. Masimulizi hayo ni mazuri na nimeyaandika yote. Hata hivyo, kwa mambo ya chama chenyewe, nani aliita kikao cha kwanza, nani alishika fedha, nani alikataliwa, walikuwa wanakisia.

Jibu nilikuta kwa mjane. Bibi huyu aliolewa akiwa binti mdogo na mtu aliyekuja kuwa mweka hazina, na alipofariki mumewe hakuna aliyekwenda kuchukua vitu vya chama. Alivitunza kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na cheti cha mumewe cha kuachishwa jeshi na nishani mbili zilizofungwa kwenye kipande cha kanga. Nilikwenda kumsalimia tu, na kumuuliza kama anakumbuka siku ya msiba wa babu yangu. Akaniambia, "Sanda ya babu yako ililetwa na chama, bafta, na iliandikwa. Subiri." Akalitoa daftari.

Ni daftari la kawaida la shule, jalada limekwisha, kurasa zimeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Mistari imechorwa kwa rula. Upande wa kushoto jina, kisha kijiji, kisha namba ya jeshi, kisha kiasi. Kiasi chenyewe ni senti kumi, senti hamsini, mara chache shilingi nzima. Ni fedha za Afrika Mashariki, za enzi ya Mfalme Joji, zile senti kumi zenye tundu katikati. Asiyejua kuandika ameweka dole gumba, na karani ameandika jina pembeni ya alama kwa herufi ndogo zilizonyooka, mwandiko wa mtu aliyefundishwa jeshini. Chini ya kila ukurasa kuna hesabu ya matumizi: bafta, ubani, mbao, mshumaa, nauli ya mtu aliyepelekwa Sikonge kutoa taarifa. Ubani kwa maiti wa Kiislamu, mshumaa kwa Mkristo, na fedha zimetoka kwenye mfuko mmoja. Ukurasa wa kwanza unaosomeka una tarehe ya miaka ya mwisho ya 1940, kabla ya katiba, kabla ya bango, kabla hajawapo mwenyekiti.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba chama chetu kilianza kama chama cha kuzikana, na kwamba swali kubwa lililokijenga halikuwa la uongozi. Lilikuwa: nani ni mwenzetu? Kwa sababu ukishachanga senti hamsini ya sanda, lazima ujue unamchangia nani.

Nieleze kidogo walikotoka watu hawa, maana bila hivyo daftari halieleweki. Katika vita vya 1939 hadi 1945, Tanganyika ilitoa zaidi ya wanaume 80,000. Wengine walijiandikisha kwa hiari, wengine walikamatwa vijijini kwa mikono ya watemi na maakida. Wa kwetu walikwenda na Keya hadi Uhabeshi mwaka 1941. Kambi ya Colito ya Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo, ilipewa jina la mahali kule Uhabeshi ambako sajini mmoja wa kikosi cha Tanganyika alijipatia nishani ya juu kabisa ya Uingereza kwa kukirukia kifaru cha Waitalia. Mwaka 1942 wengine wakapelekwa Madagaska. Halafu Burma.

Burma ndiyo iliyowafanya wawe watu wa kuzikana. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishushwa bonde la Kabaw katikati ya mvua za mwaka 1944. Magari yalizama kwenye matope hadi dirishani, chakula na risasi vilidondoshwa na ndege, na malaria na kuhara viliangusha watu bila kusubiri Wajapani. Walisonga hivyo hivyo hadi Kalewa, na Desemba wakavuka mto Chindwin. Pale wahandisi walijenga daraja la chuma la futi 1,154, refu kuliko daraja lolote la aina hiyo duniani wakati huo. Wazee wetu walipenda kulitaja daraja lile. Walichosema kwa sauti ya chini, na ambacho wajane wao walikisikia usiku, ni kwamba njiani walikuwa wakiwafukia wenzao kwenye tope la kina cha goti, bila kuwaosha, bila sanda, mvua ikijaza kaburi kabla halijafukiwa. Kule Taukkyan, karibu na Yangon, yamechongwa majina ya karibu watu 27,000 wa majeshi ya Jumuiya ya Madola wasiojulikana makaburi yao, na Waafrika wamo.

Na wapo waliokosa hata tope. Tarehe 12 Februari 1944 meli iliyoitwa Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika chache. Karibu watu 1,300 walikufa, wengi wao wakiwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Kwenye daftari kuna ukurasa mmoja usio na bei ya bafta wala mbao. Kuna mchele, mbuzi, na posho ya mwalimu wa madrasa. Nilimuuliza bibi. Akasema hiyo ilikuwa hitima ya vijana waliobaki baharini na wale wa Burma, na kwamba mama mmoja alikuja kwenye baraza ya nyumba yao akawauliza askari waliorudi, "Wangu mmemzika wapi?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Wakachanga. Bibi anaamini kikao hicho ndicho mwanzo wa chama, na mimi baada ya kulipekua daftari lote nakubaliana naye.

Tazama sasa namna swali la nani mwenzetu lilivyoanza kuwasumbua.

Waliorudi hawakuwa wote wapiga bunduki. Wapo waliokuwa madereva, wapishi, wauguzi, watu wa ishara, na wengi sana walikuwa Paiyonia, wale waliochimba barabara, waliobeba mizigo na kujenga madaraja. Baadhi ya Keya waliwadharau. Walisema mtu aliyeshika sururu si askari, na asizikwe kiaskari. Bibi anakumbuka mabishano yale kwa sababu yalifanyika barazani kwake, yeye akiwa anapika uji wa wageni. Kilichoyatuliza, anasema, ni mzee mmoja aliyekuwa amekwenda Dar es Salaam akaitazama sanamu ya Askari pale mjini, ile iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka waliokufa katika vita vya kwanza. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Akawauliza wenzake: kama serikali yenyewe imeandika hivyo kwenye jiwe, ninyi mnamkataa Paiyonia kwa sheria gani? Baba zao wengi walikuwa wapagazi katika vita vile, na makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi. Kariakoo ya Dar es Salaam imelipata jina lake kwao. Tangu ukurasa ule majina ya Paiyonia yanaingia, na senti zao ni sawa na za wengine.

Mgogoro wa pili ulikuwa mzito zaidi, na naona ndio unaowapa heshima kubwa kuliko yote waliyoyafanya.

Tabora ilikuwa mji mkubwa wa Wajerumani. Wabelgiji waliuteka Septemba 1916, na kwenye vijiji vya pembeni walibaki wazee waliokuwa askari wa Mjerumani, waliopigana chini ya kamanda wao von Lettow-Vorbeck, wengine wakamfuata hadi Msumbiji na kusalimu amri naye Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, Novemba 1918. Mwishoni mwa miaka ya 1940 walikuwa na miaka hamsini au sitini. Hawakuwa na cheti kinachotambuliwa na Mwingereza. Hawakuwa na kiinua mgongo. Walikuwa adui wa zamani wa mfalme yule yule ambaye Keya walimtumikia. Je, nao ni wenzetu?

Katibu wa wakati ule alikataa. Alisema chama kikijaza askari wa Mjerumani, bwana shauri, mkuu wa serikali ya kikoloni wilayani, atakifuta. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Watu walikuwa wakiangaliwa. Wengine walisema vita ni vita, njaa ya porini haina bendera. Vikao vikaisha bila mwafaka. Halafu mmoja wa wazee hao akafariki nje kidogo ya mji, njia ya Kwihara. Alikuwa hana mtoto wa kiume, na jamaa zake walikuwa mbali. Watu wa Keya walikwenda, wakachimba, wakambeba kwa machela, wakamzika. Bibi anasema walikwenda bila kutumwa na katibu, na katibu mwenyewe akatokea makaburini akashika koleo. Kwenye daftari, mstari wa siku ile una bafta, ubani, na mahali pa namba ya jeshi pameachwa wazi. Baada ya hapo kuna majina mengine kadhaa yasiyo na namba. Hakuna kikao kilichoandika kwamba wamekubaliwa. Walikubaliwa pale kaburini.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1964, Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wale malimbikizo yao. Inasimuliwa hadi leo Kanda ya Ziwa na kwetu kwamba wazee walijitokeza Mwanza, wengi bila karatasi yoyote, na mlipaji akawapa ufagio mmoja mmoja akawaamuru kwata kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Sina shida na simulizi hiyo, naipenda. Ila naona aliyekosa nafasi ya kupiga kwata ile ni mjane. Mwanamke hana amri ya Kijerumani anayoikumbuka mwilini. Ushahidi wake ni nani walikuja kumzika mumewe.

Ndiyo maana nimejifunza kuwatafuta wanawake kwanza. Hili nalisema kwa uzito. Mwanamume ukimuuliza kuhusu chama atakupa vyeo. Mwanamke aliyekaa nyumba ya kiongozi anajua nani alikuja usiku kukopa, nani hakulipa, nani aligombana na nani na wakapatanishwa kwa mbuzi gani. Anajua kwa sababu alipika. Na usimuulize "chama kilianza lini". Swali hilo linamfanya akutazame kama afisa, atakurudisha kwa wanaume. Muulize nani alileta sanda siku ya msiba wa mume wake. Muulize nani alikaa naye hadi kuanua tanga. Kumbukumbu zitakuja zenyewe, na utashangaa zinavyolingana na maandishi.

Jambo la pili: usiwahoji wazee wakiwa kikaoni. Mbele ya wenzao kila mmoja anaitetea hadhi ya baba yake. Nenda kwa mmoja, asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, umkute peke yake au na rafiki yake wa siku nyingi. Wawili waliozoeana wanasahihishana kwa upole, na mara nyingi ukweli unatoka kwenye masahihisho. Nilikuwa na wazee wawili, watoto wa Keya, ambao mmoja akisema "walikuwa Kalewa" mwenzake anadakia "baba yako hakufika Kalewa, alibaki hospitali". Tukaangalia cheti. Kweli.

Jambo la tatu ni karatasi za fedha. Watu hutunza katiba na picha. Waombe stakabadhi, madaftari ya michango, barua za kuomba msaada. Katika sanduku lile kulikuwa na nakala za barua ambazo mweka hazina aliwaandikia wakubwa kwa niaba ya wajane. Karibu zote ni za kiinua mgongo. Askari walioandikishwa kwa muda wa vita tu hawakupata pensheni, walipewa fedha za mkupuo, na hizo nazo zilipangwa kwa rangi. Mwaka 2019 hati ya kikoloni ilitolewa hadharani ikaonyesha kwamba mzungu wa cheo kile kile alilipwa takriban mara tatu ya Mwafrika. Wazee wetu hawakuhitaji hati hiyo. Mmoja wao aliandika kwenye barua, kwa Kiswahili safi kabisa, kwamba mvua ya Burma iliwanyeshea wote sawa. Sijui kama alijibiwa, kwa sababu majibu hayamo sandukuni.

Nakala hizo zilitufaa baadaye kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza fedha kwa ajili ya askari wa makoloni ya zamani na wajane wao walio kwenye dhiki, ili wapate angalau milo miwili kwa siku, zipitie kwenye ile jumuiya ya vyama vya askari wa Jumuiya ya Madola iliyoanzishwa Cape Town mwaka 1921. Wajane wengi hawakuwa na cheti. Kilikuwa kimeliwa na mchwa, au kimezikwa na mwenyewe. Daftari la sanda lilikuwa na jina, kijiji na namba ya jeshi kwenye mstari mmoja. Nilikaa na mabinti wawili wa shule tukanakili kurasa zote kwa mkono, kisha tukazipiga picha mchana karibu na dirisha, ukurasa kwa ukurasa, na pande zote mbili za kila karatasi, maana nyuma ndiko mweka hazina alikokuwa akiandika nani ameoa nani.

Miaka ya uhuru ipo kwenye daftari kwa uchache. Nafikiri walikuwa waangalifu. Mtu aliyevaa nishani ya mfalme hakujua atatazamwaje na serikali mpya. Halafu Januari 1964 askari wa Colito wakaasi, na uasi ukafika kambi ya Tabora siku iliyofuata. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba mwaka huo huo likaundwa Jeshi la Wananchi. Kwa wazee wa Keya wa mjini kwetu ule ulikuwa wakati mgumu wa kukusanyika barazani na kujiita askari. Michango haikukoma, lakini kwa kurasa kadhaa namba za jeshi hazikuandikwa. Ni majina na senti tu, kama kikundi chochote cha kuzikana cha mtaani. Bibi anasema walikubaliana iwe hivyo na hawakuwa na haja ya kuandika kwa nini.

Kisha ikaja Kagera, na hapa naandika kama mtoto wa mmojawapo.

Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakalipua daraja la Kyaka na kutangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto ni ya Uganda. Mwalimu Nyerere akasema sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo, na uwezo wa kumpiga tunao. Wanajeshi, JKT na mgambo waliitwa kutoka kila mkoa. Baba alikuwa mgambo. Alipanda treni na wenzake wakaenda, wakavuka Kyaka, wakapita Mutukula na Masaka, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Walirudi kimya zaidi ya walivyokwenda. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, baba alikuwa akisikiliza redio hadi sherehe iishe, na wenzake waliozikwa Kaboya aliwataja kwa majina, mmoja mmoja, bila kuongeza neno.

Walipokwenda kuomba kujiunga na chama, wakaulizwa swali lile lile. Mgambo ni askari? Una cheti? Namba yako ya jeshi? Baadhi ya wazee wa Keya, ambao baba zao wadogo walikuwa Paiyonia, walisema mgambo ni raia aliyepewa bunduki kwa muda. Baba aliudhika sana, na kwa miaka alikataa kwenda. Alirudi siku alipofariki mzee mmoja wa Keya aliyekuwa jirani yetu. Mgambo wa mtaa ndio waliochimba kaburi, kwa sababu Keya waliobaki hawakuwa na nguvu tena ya kushika sururu. Katibu aliyekuwapo aliwaandika majina jioni ile ile. Nimeuona ukurasa huo. Jina la baba ni la tatu.

Nilipowasilisha historia niliyoandika, kikao kilikuwa kirefu. Wapo waliotaka 1954 ibaki, kwa kuwa ndio mwaka ulio bomani na kila mtu ameuzoea. Nikawaeleza kwamba sijaufuta. Nimeandika kwamba mwaka huo serikali ilikiandikisha chama, na kwamba kabla ya hapo kilikuwapo kikizika watu, nikaweka nakala ya ukurasa wa hitima kama ushahidi. Mwenyekiti akausoma kwa sauti. Majina mawili kati ya yale yalikuwa ya ukoo wake, naye hakuwa akijua. Baada ya hapo hoja ya 1954 haikurudi.

Kilichopitishwa siku ile pia ni kwamba wajane waandikwe kama wanachama kamili, wenye kura, badala ya kuwekwa kwenye orodha ya "familia". Wanaume wawili walipinga. Bibi mwenye sanduku alikuwapo, amekaa mstari wa mbele, na hakusema chochote hadi alipoulizwa. Akasema yeye amekuwa akishika fedha na karatasi za chama hiki tangu mumewe alipougua, na kwamba kama si mwanachama basi wamrudishie nafasi ya chini ya kitanda. Kura ikapita.

Kazi iliyopo mbele yangu sasa ni orodha ya mgambo wa Kagera. Hatutaki ifike mahali ambapo mjukuu atategemea ufagio au daftari la sanda kuthibitisha kwamba babu yake alivuka Kyaka. Tumegawana kwa kata. Kila jina linaandikwa na kikosi, kiongozi wa kikosi, mahali alipopandia treni, na mashahidi wawili waliokuwa naye, wakiwa hai. Mahali pa mke tumeweka jina lake kamili, si "mke wa". Kata za mjini zimekamilika. Za Uyui bado, kwa sababu mzee aliyekuwa akiita majina ya kikosi chao kila asubuhi amelazwa Kitete, na bado anayakumbuka kwa mpangilio wa mstari. Ninakwenda kila jioni saa ya kuona wagonjwa, yeye anataja, mimi naandika, na akichoka ananiambia tumeishia kwa nani ili kesho tuanzie kwa anayefuata.